Jina Bila Namba

Mwanamke aliyesimamia rekodi katika hospitali yetu, upande wa Homa Bay, hakunipenda, nami sikumpenda hata chembe. Alikuwa na miaka ishirini na zaidi kwenye rafu zile. Mimi nilikuwa na cheti cha kompyuta kutoka Nairobi, na kiburi cha kutosha wilaya mbili.

Wafadhili walileta mashine, nikaiandikia programu. Kila namba ya kadi niliiunganisha na jina la mgonjwa wake. Ukiandika namba, jina linatokea papo hapo.

"Na mtu akipoteza kadi?" aliniuliza.

"Asipoteze."

Akasonya, akarudi kwa mafaili yake.

Haikupita miezi mingi, akaja mama mmoja kutoka Kosele, mguu umevimba, homa imempanda. Kadi yake ilikuwa imefuliwa pamoja na nguo; alichobaki nacho ni jina tu. Mama wa rekodi alikuwa ameenda chai. Nikaona leo ndiyo leo. Niliandika mistari michache: anza na kadi ya kwanza, linganisha jina, ukilipata simama, toa namba. Ikatoa. Nikachomoa faili mwenyewe, nikampelekea muuguzi kwa madaha. Lilikuwa safi, halina onyo lolote. Muuguzi akavuta penisilini kwenye sindano.

Mama wa rekodi aliingia, akalichungulia lile faili.

"Mama, umezaa watoto wangapi?"

"Sita."

"Huyu hapa ni msichana wa shule." Akanigeukia. "Wewe ulipata wangapi wa hilo jina?"

"Mmoja."

"Mimi niko nao kumi na saba."

Na mimi ni mzaliwa wa Migori, nilijua vizuri. Kwetu mtoto wa kike huitwa kwa saa aliyozaliwa, halafu padri anambatiza jina la mama wa Yesu kama wenzake wote. Mashine niliiambia isimame kwa wa kwanza, ikasimama. Mjinga hapo nilikuwa mimi.

Alimwuliza mgonjwa mambo mawili: kwao ni wapi, na ameolewa wapi. Akaenda moja kwa moja rafu ya chini, akarudi na faili lenye wino mwekundu. Penisilini ilikuwa nusura imuue alipojifungua mtoto wa tatu. Muuguzi akaiweka sindano kwenye beseni, akakataa kuniangalia.

Angenitukana ningevumilia. Mama wa rekodi alirudi tu kwa mafaili yake, na kwa hilo nilizidi kumchukia. Kesho yake nilirekebisha programu ipite kadi zote, iorodheshe kila mwenye jina. Ilikuwa kazi ya mistari miwili.

Lakini siku ile, yule mama alipopewa dawa nyingine na kufungwa bandeji, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kwa ile homa hakuwa ameelewa lolote lililotokea. Alichokumbuka ni kijana wa mashine.

"Asante sana, daktari. Umeniokoa."

Mama wa rekodi alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nilimjibu mgonjwa, "Karibu," na nikajua amesikia.