Tulivyomsaka Metii

Mimi nikitafuta kitu nakipata. Hilo nyumbani kwangu Kitengela halina mjadala: funguo, soksi ya pili, risiti ya maji, kila kitu mimi ndiye huulizwa. Kwa hiyo mama aliponiambia nimtafutie mama yake, nilijibu "sawa" haraka, kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Shida ni kwamba huyo mama yake alikufa zamani, mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Babu yangu alitoka Kakamega enzi za mkoloni akaenda Magadi kupakia magadi kwenye mabehewa, na huko ndiko alikompata nyanya. Nyanya alipofariki, babu alimpeleka mtoto kwao magharibi, akamwachia dada zake, akarudi kazini. Hakuwa mtu wa kusimulia. Basi watu wa kwake wakasimulia kwa niaba yake: yule mwanamke aliokotwa tu huko Magadi, hakuolewa, hakuwa na kwao.

Mama amezeeka na neno hilo. Kwetu sherehe ikianza, iwe ya ndoa au ya mazishi, wajomba huitwa mbele, wakae, waheshimiwe. Wakiitwa wajomba wa mama hakuna anayesimama, na mama huangalia viatu vyake. Mwaka huu kwenye mazishi fulani, binamu yake mmoja, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki, alisema na watu wakisikia: "Mkataa kwao ni mtumwa. Na asiye na kwao, huyo tumwite nani?"

Mama alirudi Kitengela, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi. "Nataka kujua mambo mawili," akaniambia. "Kama mama yangu aliolewa, na kama alikuwa na baba. Nikifa bila kujua, nitazikwa kama mtoto wa mwanamke wa kuokotwa."

Nilipiga simu huku na huku, nikazungushwa mpaka masikio yakapata moto. Mwishowe mzee mmoja aliyestaafu Magadi akaniambia wafanyakazi wengi wa zamani walifungishwa ndoa na mchungaji aliyekuwa akitumwa kutoka Kajiado, na vitabu vya ndoa vilirudishwa huko. Shule zilipofungwa, mimi huyo Kajiado.

Karani wa kanisa alikuwa mzee Mkamba wa Machakos mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso, na zote alikuwa akizitafuta. Alinitolea kitabu kikubwa chenye harufu ya mende, akaniambia nifungue polepole, kisha akakifungua yeye mwenyewe kwa pupa. Tulipitia kurasa mpaka chai ikapoa. Mwandiko wa karani wa kale aliyekijaza ulikuwa mzuri kunishinda, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mtu wa kuwakemea watoto wa wenzangu kwa mwandiko mbaya.

Tukampata. Babu, kazi yake, kijiji chake. Kando yake bibi arusi, akiwa na jina la ubatizo tu, alilopewa juma hilohilo. Mahali alikotoka: Bisil. Sahihi: dole gumba. Baba wa bibi arusi: Metii.

"Hilo si jina la Kikamba," karani akanihakikishia, kana kwamba nilikuwa nimemshtaki.

Nilimpigia mama simu nikiwa palepale mlangoni. "Mama, alifungishwa! Kanisani kabisa! Na baba yake ni Metii, mtu wa Bisil!" Alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kubisha kuuliza nani amejifungua. "Kumbe mimi ni wa Wamasai!" akawa anasema. "Wamasai wenyewe!" Kabla sijafika nyumbani alikuwa ameshampigia yule binamu: "Kalamu iko karibu? Andika. Babu yangu anaitwa Metii." Jioni hiyo, kabla ya ugali, alimwombea Metii pumziko la milele, na sisi sote tukaitikia amina.

Ila mimi akanikataza kumwambia mtu mwingine yeyote mpaka tuwapate watu wa Metii, maana watu wana kijicho. Nikatii. Laiti ningekuwa mkaidi kidogo, ningejiokolea aibu ya Bisil.

Nilienda siku ya mnada. Mbuzi huku, ng'ombe kule, wanaume wamejiegemeza kwenye fimbo wakipatana bei kwa kushikana mikono. Nikamchagua mmoja mwenye sura ya upole.

"Samahani mzee, naulizia familia ya Metii."

"Familia ya nani?"

"Metii."

Akaniangalia kwa huruma. "Kama metii, basi metii," akasema, akaenda zake.

Wa pili alicheka. Wa tatu aliwaita wenzake watatu waje wasikie, nami kwa ujinga wangu nikarudia, tena kwa sauti ya darasani: "Natafuta ukoo wa Metii! Mzee Metii wa hapa Bisil!" Jamani, walivyocheka wale watu! Mmoja alimshika mbuzi ili yeye mwenyewe asianguke. Hasira zikanipanda. Nikawaambia mtu hachekwi akitafuta wazee wake, na kama hivyo ndivyo walivyolelewa, pole zao.

Ndipo mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akiuza ugoro akaniita kwa mkono.

"Takwenya, koko," nikamsalimia kama bibi yangu. Salamu hiyo naijua, na ndiyo karibu Kimaa chote nilicho nacho.

"Iko," akaitikia kwa Kimaa. "Keti. Nani amekwambia hilo jina?"

Nikamweleza yote, na picha ya ule ukurasa nikamwonyesha kwenye simu ingawa hakuwa msomaji. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa ncha ya shuka. Hata yeye alikuwa akicheka, ila kwa adabu.

"Mtoto wangu, Metii si mtu. Metii ni hayuko. Ni hakuna. Maji metii. Sukari metii. Umekuja hapa unauliza, mko na familia ya Hayuko?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama anayeniuzia maziwa Kitengela amekuwa akiniambia "metii" kila maziwa yanapoisha, nami miaka yote hii nilidhani ananiaga, hata nikawa namjibu "metii na wewe." Nimejenga kwa Wamasai, nanywa maziwa ya Wamasai, na sikuwahi kuuliza neno moja lina maana gani. Mwalimu wa lugha, eti!

Lakini aibu ilinitoka haraka. Nikamwona akilini mama amekaa nyumbani akisubiri. "Kwa hivyo ni kweli," nikasema. "Hakuwa na baba."

Yule bibi alikasirika. Alikasirika kweli, akaweka kikopo cha ugoro chini. "Nani amesema? Baba alikuwa, akafa. Sisi mtu akifa hatuiti jina lake. Na msichana mwenye adabu, hata baba akiwa mzima, hamtaji ovyo mbele ya mgeni. Huyo karani ameuliza baba yako nani, yeye amejibu: hayuko. Karani hajui, ameandika. Sasa sikia. Msichana wa kuokotwa angetoa jina lolote, aolewe, aende. Huyu amekataa. Huyu alifundishwa nyumbani. Alikuwa na watu. Mwambie mama yako hivyo."

Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno na kuyapangua. Nilimkuta mama sebuleni, amevaa lile gauni lake la kanisa siku isiyo ya kanisa.

"Umewapata?"

Nikamwambia. Sikumficha kitu, hata kicheko cha wale wanaume, hata mbuzi. Nilipofika pale pa hayuko, uso ulimwanguka, nikajua anamsikia binamu yake. Nikaharakisha, nikamwambia maneno ya yule mwanamke moja baada ya jingine, kama alivyonituma.

Mama akachukua simu akampigia binamu.

"Lile jina futa," akasema. "Si jina. Mama yangu aliulizwa baba yake siku ya arusi, akakataa kumtaja kwa heshima. Ndiyo. Alikuwa na adabu za kwao. Wewe baba yako marehemu unamtaja hata ukikosa chenji sokoni." Akakata.

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa akilia.

"Hilo neno," akauliza, "alilisema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mama. Karani aliandika alichosikia."

"Sijawahi kusikia mama yangu akisema chochote," akasema. "Hata mtu wa kunisimulia alisemaje sikuwa naye."

Akasogea karibu, akaniomba nimtamkie tena, polepole, ajue kulisema vile mama yake alivyolisema.