Jumamosi ya Fainali, Jumamosi ya Posa

Mpira siujui. Nimesoma mpaka darasa la tatu, na hata huko shuleni mpira wetu ulikuwa wa matambara na kamba za mgomba, nami nilikuwa naitwa kuchunga mbuzi kabla haujanifikia mguuni. Kwa hiyo waliposema fainali ya mashindano itachezwa hapa Newala, timu yetu na timu ya Masasi, niliona hiyo ni habari ya vijana. Kilichonishughulisha mimi Jumamosi ile ni posa.

Binti yangu wa mwisho alikuwa na miaka thelathini na minne. Ni mwalimu, ana akili kutushinda mimi na mama yake tukiunganishwa. Posa mbili zilishamjia zikaharibika, na zote niliziharibu mimi, siwezi kuficha. Ya kwanza nilisema kijana hana hata mkorosho mmoja. Ya pili baba mtu alinikatiza nikizungumza, nikasimama nikatoka, wageni wakabaki wanaangaliana. Hii ya tatu ilitoka Masasi, kwa muuguzi wa Kimakua. Barua ililetwa na mshenga mwenye adabu zake, akaipokea mjomba wa binti, maana kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye kauli. Baba unakaa pembeni, unaulizwa ukikumbukwa.

Binti alinifuata shambani nikiokota korosho.

"Baba, huyu nimemchagua mwenyewe," akaniambia. "Ukiiharibu na hii, sitaleta mwingine hapa nyumbani."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Wageni wa mpira walianza kuingia Ijumaa alasiri. Fuso zimejaa mpaka juu ya kichwa cha gari, Kosta zinaning'iniza watu mlangoni, pikipiki moja watu wanne na ngoma. Ndani ya saa moja mji haukuwa wetu tena. Wakakalia baraza za watu bila hodi, wakapuliza mavuvuzela mpaka mbuzi wa jirani yangu wakakata kamba. Mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga alipandishwa juu ya meza yake mwenyewe akachezeshwa ngoma, na nilipotazama vizuri nikaona anacheza kwa hiari.

Nilikuwa nimekasirika, lakini nikajikuta ninawafuata mpaka sokoni kama mtoto anayefuata jando. Nilitaka kujua. Nilimwona mtu wa makamo, mvi kidevuni, nusu ya uso kaipaka rangi ya njano na nusu nyeusi, tumbo wazi, kaandika namba tumboni. Nikamsogelea.

"Shikamoo, mzee," akaniamkia, na rangi yake hiyo.

"Marahaba. Kwenye timu hiyo yumo mwanao?"

"Hapana, mzee."

"Mpwa wako?"

"Hayumo."

"Wakishinda unapewa nini?"

"Sipewi kitu. Nafurahi tu."

"Na wakishindwa?"

"Nalia hapa mpaka Masasi."

"Mkeo anajua uko hapa?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Mzee, usimwulize hilo, kaaga anakwenda msibani." Na yeye akacheka, akapuliza vuvuzela lake karibu na sikio langu, akaondoka. Nikarudi nyumbani sijajibiwa.

Sasa lazima niseme jambo moja, ili asiyetujua aelewe. Mmakua kwangu mimi Mmakonde ni mtani. Asiye na utani ataona ni ugomvi. Mtani anaingia uani kwako anakamata kuku anaondoka naye, anakutukana mbele ya watoto wako, anacheka msibani kwako, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Mtani hujibiwa kwa utani. Ukimwomba radhi, umemvunjia raha.

Jambo la pili ni maji. Newala tuko juu ya mlima, huchimbi kisima ukapata maji. Kila mwenye nyumba ana shimo la saruji chini ya ua, bati linalikusanyia mvua, na unakunywa humo mpaka mvua nyingine. La kwangu nilichimba mwenyewe kwa sururu, nikalisakafia mwenyewe, na nimewajengea wengine mji huu mashimo mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ndiyo kazi iliyonitoa. Maji yetu hayamwagwi ovyo; hata yaliyolowekewa mihogo yanawekwa kwenye beseni, yananuka yanavyonuka, yanasubiri miche ya mikorosho.

Posa ilikuwa saa nne asubuhi. Nikavaa kanzu na kofia. Mjomba wa binti, mwalimu wa madrasa asiyejua kucheka, alifika saa tatu na nusu akakaa chini ya saa ya ukutani. Ikapita saa nne. Ikapita saa tano. Nje kelele zinazidi, na mara mbili washangiliaji waliingia uani kwangu kwa mlango wa nyuma wakitaka maji; wa pili alishainua mfuniko wa shimo nilipomkuta. Nikavua kanzu, nikaitundika msumarini, nikaenda kukaa juu ya mfuniko wangu kwa fulana. Nilisema moyoni, wakwe wakija nitavaa.

Saa sita na ushei akaingia mwingine. Mzee wa rika langu, mnene, koti zuri, lakini uso njano na nyeusi, na skafu shingoni.

"Habari za hapa, mzee mwenzangu. Wewe ndiye mlinzi? Naomba maji kidogo ninawe uso. Nina ugeni wa heshima nyumba ya jirani hapa."

Nikamtazama kwanza. Mtu kapaka uso kama kinyago, anazungumza habari ya heshima.

"Wewe Mmakua?"

"Mmakua wa Masasi, wa baba na mama."

"Mmakua kaanza lini kuwa na heshima?"

"Tangu tulipokuja kuwafundisha ninyi kuoga," akajibu papo hapo. "Nasikia hapa mnaogea umande."

Nikafurahi, kusema kweli. Tangu Ijumaa nilikuwa nagombana na watoto, sasa nimepata mtu. Nikamwambia, "Inama nikunawishe, usije ukarudi kwa panya wako wa kula na uso huo." Akainama, kakinga mikono. Nikachukua lile beseni la maji ya mihogo nikammwagia lote, kuanzia kisogoni.

Alikohoa, akapangusa macho, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mmakonde, haya ni maji au kitoweo?"

"Na viatu lete. Ndiyo faini ya kukanyaga shimo langu."

"Chukua. Hata wewe unastahili kuvaa viatu siku moja kabla hujafa." Akavivua. Halafu akasimama, akawa kama amekumbuka kitu. "Lakini nitaingiaje pekupeku kwa wakwe?"

Hapo ndipo nilipomsikia mke wangu akiita kutoka ndani.

"Baba watoto, vaa kanzu. Wageni wameshaingia. Baba wa bwana harusi tu ndiye hayupo, wanasema kazungukia nyuma kuomba maji ya kunawa."

Tulitazamana. Mimi na fulana, viatu vyake mkononi. Yeye na maji ya mihogo yanamchuruzika ndevuni.

"Si mlinzi," akasema polepole.

"Si mlinzi," nikasema.

Tuliingia sebuleni. Mshenga alieleza kilichowachelewesha: siku ile hakukuwa na gari Masasi lisilobeba washangiliaji, wakapanda nao, na ndani ya Kosta vijana walimpaka rangi kila abiria, hata mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna aliyemsikiliza sana. Chumba kilikuwa kinanuka mihogo, na harufu ilitoka kwa mgeni wa heshima kuliko wote. Shangazi yake bwana harusi alikuwa amejifunika pua kwa ncha ya khanga na kujifanya anafuta jasho.

Mjomba wa binti akauliza kimetokea nini. Nikasema yote, sikupunguza. Kama kuna kitu nimekipata bila shule, ni hicho cha kusema lililopo.

"Swali ni moja," mjomba akasema. "Alipomwagiwa, alikuwa mtani au mkwe?"

"Mtani," mshenga akadakia. "Posa haijajibiwa. Bado hana ukwe hapa."

"Barua imepokelewa," akasema shangazi. "Kwetu barua ikipokelewa heshima imeanza. Huwezi kumpokelea mtu barua ukammwagia beseni."

"Lakini hakumjua," akasema mshenga.

"Na huyu naye hakumjua mwenzake, kamwita mlinzi," akaongeza mke wangu.

"Mtani unayemjua na usiyemjua ni yuleyule. Mkwe je, anakuwa mkwe kabla hujamjua?" mjomba akauliza.

Wakabishana hivyo muda mrefu, bila hasira, kama watu wanaotafuta mwanzo wa uzi. Mimi badala ya kuona haya nikawa nataka kujua jibu. Miaka yote hii nimetaniana na Wamakua na nimeoza mabinti watatu, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu mmoja anaweza kubeba mambo hayo mawili kwa wakati mmoja, la kumtukana na la kumnyenyekea. Huko uwanjani mechi ikaanza. Kila umati ulipovuma, yule mzee alishtuka kidogo, akajirudi, akatazama mkeka.

Mwisho mjomba akainua mkono.

"Aliyemwagiwa ni mtani. Lakini anayenuka humu ndani ni mkwe. Shemeji, utamwomba radhi."

Nimeshaeleza kwamba mtani haombwi radhi. Na mimi binafsi, nitaje bila kujisifu wala kujilaumu, sikumbuki kumwomba mtu yeyote radhi tangu nioe. Niliinuka na nyumba yangu kutoka udongoni bila kumwinamia mtu. Maneno ya kukataa yalishafika kooni, na nilishajua yatakavyokuwa: kwamba nimehukumiwa kwenye nyumba yangu.

Mlango wa jikoni kwangu una pazia lisilofika chini. Nikaiona miguu ya binti yangu nyuma yake. Ilikuwa imesimama sawasawa, haichezi, kidole hata kimoja hakichezi. Ukimwona mtu mzima amesimama hivyo ujue hapumui.

Nikasimama. "Mzee mwenzangu," nikasema, "nimekukosea. Nisamehe."

Naye akasimama, akaja na nyayo zake tupu mpaka nilipo, akanishika mikono yote miwili. "Mimi ndiye niliyeanza habari ya kuoga."

"Inatosha," mjomba akasema, "msianze tena." Akamwita binti. Binti akaulizwa kama anawajua wageni hawa na kilichowaleta, akasema anawajua na amekubali. Mke wangu akapiga kigelegele, dua ikasomwa, nikamrudishia mgeni viatu vyake kwa mikono miwili kama ninavyotoa sadaka.

Tulipomaliza kula, mshenga akanong'ona kwamba mkwe wangu anaomba ruhusa, kipindi cha pili kimeanza. Nikasema twende wote. Sikuwahi kukanyaga uwanja ule siku ya mechi, na ile hamu ya kujua ilikuwa haijaniisha.

Tukakaa katikati ya watu wa Masasi. Kijana mmoja akanitambua. "Mzee wa Newala, umekuja kutafuta jasho la kuogea?" Jibu nililikuwa nalo tayari, tena zuri. Nikamtazama mkwe, kainamisha uso kwa aibu kwa niaba yao. Nikalimeza.

Halafu Masasi wakafunga. Watu wote waliruka, vumbi likapanda, mwingine akaniangukia mapajani. Mkwe wangu alibaki amekaa, mikono magotini, mdomo umefungwa kwa nguvu na mashavu yanatetemeka.

"Inuka," nikamwambia.

"Siwezi, mkwe. Kuruka mbele yako si adabu."

Nikamwambia ninakwenda kutafuta kahawa. Sinywi kahawa. Nikazunguka nyuma ya umati nikasimama zilipoegeshwa pikipiki. Filimbi ya mwisho ilipolia nikamwona yuko juu ya mabega ya vijana asiowajua, koti limefunguka, anapiga kelele mdomo wazi, na sauti yake ilipanda juu ya zote. Nikangoja hukohuko mpaka waliposhusha mtu wao na vumbi likatulia. Ndipo nikarudi, nikamkuta amekaa palepale, mikono magotini.

"Mmeshinda?" nikamwuliza.

"Tumeshinda kidogo, mkwe," akasema.