Zamu ya Maji Ronge

Mama alizoea bomba. Miaka sita tulikaa Voi, mtaa wa Kaloleni, baba akifanya kazi ya reli, na maji yalikuwa ya kufungua na kufunga tu. Baba alipougua kifua akaacha kazi, miaka ile ya hamsini, tulirudi Ronge kwenye shamba la babu. Mama akapanda mahindi kwa furaha ya bibi harusi. Mahindi yakishindwa, baba alisema, tutarudi Voi kupanga chumba kimoja. Mimi sikutaka. Voi ni joto na vumbi. Kule mlimani ukungu wa asubuhi hukufuata mpaka kitandani.

Majani ya mahindi yalipoanza kujikunja, mama alikwenda kwenye mfereji unaoshuka kutoka juu, akaondoa udongo na magome ya mgomba yaliyoziba tawi letu, akamwagilia. Alisahau kwamba mfereji una siku, na kila siku ina mwenyewe. Siku ile ilikuwa ya jirani yetu, bibi kizee mwenye maneno makali, na miche yake ya kabichi ililala chini kabla ya jioni.

Wazee wa mfereji walikutana. Hawakumtoza mbuzi, walisema tu kwamba asiyechimba mfereji hana zamu, na sisi miaka sita hatukuchimba. Niliwachukia wote, nakiri.

Mama hakubisha. Wiki iyo hiyo, siku ya kuzibua mfereji, alifika wa kwanza. Alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na wanawake wakamtania kwamba jembe si pasi. Alicheka nao. Lakini alasiri wazee walisema zamu zote zina wenyewe, angoje mwaka ujao. Mahindi yetu yasingengoja hata wiki.

Ndipo yule bibi akainuka, matope mpaka magotini.

"Siku yangu tuigawe," alisema. "Asubuhi mimi, mchana huyu. Lakini mwanangu, ukifungua kabla sijafunga, nitakuja na fimbo."

Mama alilia mbele za watu, na mimi pia.

Alhamisi ile, siku ya bibi, tulikaa kando ya mfereji tangu jua linachomoza, tukiyasikiliza maji yakienda kwa jirani. Mama alishika jembe lake wala hakugusa hata gome moja, mpaka bibi alipoita kutoka juu kwamba yetu yanakuja.