Samaki wa baharini walikufa, fundi akakimbilia nyumbani

Saa tatu asubuhi, Cephas Ojijo amepiga magoti kwenye sakafu ya hoteli moja mjini Homa Bay. Jicho moja amelifumba, lingine amelibana kwenye ncha ya paipu nyeupe ya plastiki. Anaielekeza dirishani, anachungulia, kisha anaigeuza na kuchungulia tena kutoka upande wa pili.

"Nisipoona mwanga kule, sigusi gundi," anasema bila kuinua kichwa.

Nyuma yake kuna tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha watu wawili. Lina maji ya chumvi, mawe meupe na taa ya buluu. Halina samaki hata mmoja.

Mlinzi wa hoteli anapita na kumtania. "Fundi, wale wageni wako wa Mombasa watarudi lini?"

Cephas anachukua paipu nyingine. Utani huo bado unamchoma.

Fundi huyu wa mabomba, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, hakuanzia kazi hotelini. Alianzia kwenye machimbo ya dhahabu katika kaunti jirani ya Migori, akivuta maji kutoka mashimoni kwa pampu ili wachimbaji washuke. Huko alijifunza kuuamini mpira wa maji kuliko paipu.

"Machimboni hutaona paipu ngumu, omera, ndugu yangu," anaeleza. "Shimo linahama. Leo mko hapa, wiki ijayo mko pale. Mpira unaukunja, unaweka kwa bega, unaenda. Paipu ngumu utaibeba aje?"

Aliacha machimbo alipooa, akahamia Rodi Kopany, nje ya mji wa Homa Bay, na kuanza kufunga matangi ya maji ya mvua na masinki. Mwezi ukiwa mzuri hupata shilingi elfu ishirini na tano. Mwezi mbaya, anasema, ni wa kumshukuru Mungu tu kwamba umeisha.

Kazi ya hoteli ilipokuja, alidhani anachezewa. Mwenye hoteli alitaka samaki wa baharini, wale wa rangi rangi, ili maharusi wapige picha mbele yao. Samaki wa baharini, kando ya ziwa lililojaa ngege na mbuta!

"Hata mimi nilishangaa," anakiri Irine, meneja wa hoteli. "Tunatia chumvi kwa maji, na ziwa liko hapo nje. Wateja walikuwa wananiuliza kama hao wadogo wanakaangwa ama wanachemshwa."

Aliyeuza samaki alimweleza Cephas kwa simu kwamba maji yanaweza kuzungushwa kwa paipu ngumu au kwa mpira, na kila kimoja kina raha na karaha yake. Paipu ngumu hudumu na ndani ni laini, lakini kila kona inataka elbo, kile kiungo kilichopinda, na gundi, na ukikosea kipimo umeharibu. Mpira hupinda wenyewe, viungo ni vichache na pampu haipigi kelele sana.

Kabati la chini ya tangi lilikuwa na kona nyingi kama shimo la fuko. Cephas akachagua mpira.

Tena hakuhitaji kununua. Alikuwa na mpira mzito wenye mikunjo, aliouziwa kwa bei ya chini na rafiki yake wa machimboni, Maroa, aliyekuwa ameacha biashara ya pampu. Nusu yake alikuwa ameshaifunga nyumbani, kutoka tangi la mvua hadi jikoni. Nusu iliyobaki akaipeleka hotelini.

"Niliosha na sabuni. Nikanusa, haikuwa na harufu," anasema. "Ningejuaje?"

Kamba wa baharini waliowekwa pamoja na samaki ndio waliotangulia kufa. Kisha samaki wakaanza kwenda mmoja mmoja, wengine wakiogelea upande upande kama walevi. Asubuhi moja Irine alifika na kuwakuta wote wanaelea.

"Nilipiga nduru," anasema Irine. "Nikamwambia fundi, umeniulia samaki na sabuni yako."

Aliitwa afisa mmoja wa uvuvi. Alipima chumvi, akatikisa kichwa, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: mpira huu umetoka wapi?

Cephas alipotaja machimbo, afisa alimwambia aupasue kwa urefu.

Ndani ya mikunjo kulikuwa na matone ya rangi ya fedha. Yalidondoka na kukimbia sakafuni kama shanga za uzi uliokatika. Hakuna aliyehitaji kumwambia Cephas ni nini. Ilikuwa zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa vumbi la dhahabu. Maji ya kuoshea dhahabu hurudi shimoni, na pampu huyavuta pamoja na kila kilichomo.

Afisa alisema hawezi kuapa bila vipimo, lakini kama angekuwa samaki, asingetaka kuishi humo.

Wote walikuwa wakitazama mizoga ya samaki. Cephas alikuwa akiutazama mpira. Mkewe, Filister, alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Alitoka mbio bila viatu, akarukia bodaboda hadi Rodi Kopany. Alimkuta Filister jikoni, kikombe cha maji mkononi. Alikipiga kikaruka hadi ukutani.

"Nilijua amerogwa," anasimulia Filister, ambaye sasa anakaribia kujifungua. "Baba Beverly hajawahi kuniinulia mkono. Nikajiuliza, leo nimemkosea nini?"

Cephas alichukua kisu na kuupasua mpira wa jikoni pale pale. Matone yakatoka. Binti yao mdogo, Beverly, akapiga makofi. Aliyaona mazuri, akainama ayaokote.

Mwandishi huyu alisikia simulizi hiyo akiwa ameshika kikombe cha chai, na chai hiyo haikunyweka tena. Inatisha kufikiri ni nyumba ngapi zina mipira ambayo hakuna anayejua ilikotoka.

Cephas alimpigia Maroa simu akiwa amejaa hasira. Maroa akasema, "Ndugu yangu, hata mimi nilikuwa nakunywa maji ya huo mpira."

Hospitalini, familia nzima ilipimwa damu. Majibu ya Beverly hayakuwa na shida. Daktari alimwambia Filister kwamba kiwango chake si cha kumtia hofu, lakini kuhusu mtoto aliye tumboni hakuna wa kumpa ahadi kabla hajazaliwa.

Irine hakumfukuza fundi wake. "Ningeita mwingine, naye angeniletea mpira wa wapi?" anauliza. "Huyu angalau ameshaogopa."

Ndiyo maana leo hoteli ina paipu ngumu, mpya, zilizonunuliwa dukani. Karibu na pampu pekee ndipo Cephas ameweka kipande kifupi cha mpira mpya unaopenya mwanga, ili kupunguza mtikisiko.

Nyumbani amefanya vivyo hivyo. Ametoa kila kitu, akasugua tangi, akafunga paipu nyeupe hadi jikoni na mfereji unaong'aa wa kufungulia maji. Siku aliyomaliza alikunywa yeye kwanza, mbele ya mkewe.

Filister alimletea beseni. "Nilimwambia aweke samaki," anasema. "Si samaki ndio walituambia ukweli?"

Cephas alipata ngege mdogo kutoka bwawa la jirani, akamtia kwenye maji ya mfereji mpya. Tulipofika, ngege huyo alikuwa akizunguka beseni akiwa mnene na mkali wa kurusha maji. Hata hivyo, Filister bado anaenda chemchemini na mtungi wake, tumbo mbele.

"Samaki ni mzima, nimeona," anasema, akijishika kiuno. "Lakini huyu wa ndani bado hajaniambia kitu."

Cephas amepanga kupita nyumba zote alizowahi kufungia maji, moja baada ya nyingine, na kuuliza kila mpira ulitoka wapi. Ila kazi hiyo itangoja mwezi huu upite.

"Watu wananiuliza kama nataka kijana ama msichana," anasema. "Mimi nataka nisikie akilia tu. Alie mpaka majirani wachoke na sisi."

Filister anamsikia, na kwa mara ya kwanza tangu tufike anacheka kidogo. Kisha anachukua mtungi wake na kuupita mfereji mpya bila kuufungua.