Nusu ya Kitanda cha Mzee Lennart

Niliondoka Nairobi kwa sababu kikundi cha wazee wa Stockholm kilikuwa kimechoka kuulizwa maswali. Njeri, Mkenya aliyekwenda kule kusoma akabaki kufanya kazi ya ustawi wa jamii, aliniandikia kwamba wazee hao, wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, walitembelewa kila mara na vijana wa vyuo wenye fomu. Vijana walijaza fomu, wakanywa kahawa, wakaondoka, na hakuna aliyerudi kusema alichokipata. Sasa wazee walitaka kufanya utafiti wao wenyewe: wachague swali, waulizane, wasikilizane, kisha wapeleke majibu yao manispaa. Njeri alijua kwamba niliwahi kuwafundisha akina mama wa sokoni kukusanya habari za maisha yao. Akaniuliza kama ningekuja kufundisha wiki chache. Nilikubali kabla sijamaliza kusoma barua.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 2010. Nyinyi wenzangu wa Nairobi mliniazima makoti, kila mmoja la kwake, nikapanda ndege kama duka la mitumba linalotembea.

Nilitua Stockholm saa kumi alasiri na giza lilikuwa limekwisha ingia. Nilidhani saa yangu imekosea. Ndani ya treni ya kwenda mjini dirisha lilikuwa limegeuka kioo. Nilipotazama nje nilijiona mwenyewe, na misonobari myeusi ikipita ndani ya uso wangu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Behewa lilijaa watu lakini hakuna aliyezungumza. Kilikuwa kimya cha chumba ambamo mtu amelala na wenzake wanaogopa kumwamsha.

Hagsätra ndiko inakoishia reli ya kijani ya treni za mjini, na ndiko Njeri alikokaa na mumewe na binti yao. Binti alijibu maswali yote ya mamake kwa Kiswidi. Njeri aliendelea kumwuliza kwa Kiswahili, naye akaendelea kujibu kwa Kiswidi, na wote wawili walielewana vizuri kabisa. Usiku ule nilisikia upepo ukipapasa ukuta wa nje kana kwamba unatafuta swichi ya taa.

Asubuhi iliyofuata tulishuka kwenye chumba cha pamoja cha jengo, pembeni mwa chumba cha kufulia. Mashine zilinguruma nyuma ya ukuta kwa muda wote wa masomo. Wanafunzi wangu walikuwa Waswidi kwa Waafrika, na Njeri alitafsiri. Wawili hawakuhitaji tafsiri. Mmoja alikuwa Bibi Ingrid, Mswidi aliyewahi kuwa muuguzi Tabora, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alinitazama kutoka utosini hadi viatuni.

"Mwalimu," alisema, "wewe ni mdogo kuliko soksi zangu."

Wa pili alikuwa Mzee Melkiori, Mrundi mwembamba aliyekuja Uswidi ujanani akikimbia mauaji ya kwao. Alivaa tai kila siku. Kanisani kwa Warundi, kule Fittja, yeye ndiye aliyesoma neno la Mungu kila Jumapili, na hakuna hata mmoja kule aliyejua kwamba Alhamisi, siku ya kikundi, anakaa na sisi.

Niliwafundisha yale ninayoyajua: kuomba ridhaa kabla ya kuwasha kinasa sauti, kuuliza swali moja na kunyamaza, kuacha kimya kikae hadi kijazwe na yule anayejibu. Wazee walibishana juu ya swali lao mpaka kahawa ikapoa. Hatimaye walichagua hili, kuhusu mhudumu anayetumwa na manispaa kuwasaidia wazee majumbani: unaficha nini kabla mhudumu wa nyumbani hajaja?

Hjulsta, upande wa pili wa mji, tulikwenda kufanya mazoezi nyumbani kwa Bibi Ingrid. Nilipoingia sebuleni niliona mraba mweupe ukutani, kisha mwingine, kisha mwingine. Rangi ya ukuta ilikuwa imechakaa kote isipokuwa pale picha zilipokuwa zimening'inia. Ingrid alieleza kwamba mhudumu huja asubuhi, kwa hiyo kila asubuhi yeye humshusha Rut, yule wa kwenye picha zote, kutoka ukutani na kumweka kabatini, na jioni humpandisha. Jioni hiyo alikuwa amesahau kumpandisha. Tulikaa tukinywa kahawa mbele ya miraba ile, na nakiri kwamba kila nilipogeuza kichwa nilihisi kuna mtu ameingia kusimama ndani yake.

Tuliporudi kwenye chumba chetu cha Hagsätra niliwaambia hatua inayofuata. Ili mtu asitambulike, katika kinasa sauti hatutatumia jina lake. Kila mmoja aende nyumbani, achague jina la kujifichia, aniletee kwenye karatasi, asimwambie mwenzake.

Siku ya pili niliita majina hayo moja moja, kama mwalimu wa shule ya msingi.

"Rut?"

"Nipo," alisema Ingrid.

Niliita la pili, likaitikiwa. La tatu, la nne. Nilikuwa nimefurahi kwamba mambo yanakwenda, kwa hiyo nilichelewa kuona kwamba watu wameacha kutazamana. Bwana mmoja alikuwa amefunika mdomo. Mashine za kufulia zilikuwa zimenyamaza, sijui tangu saa ngapi. Njeri aliniinamia akaninong'oneza kwamba Rut alikuwa mke wa Ingrid na amefariki, na kwamba majina mengine yote niliyoyaita anayafahamu pia, kwa sababu aliwahi kuhudhuria mazishi ya baadhi yao. Hawakuwa wamepatana. Kila mmoja, peke yake nyumbani, alipoambiwa ajifiche, alijificha nyuma ya mtu wake aliyekufa. Nilikuwa nimeita marehemu, nao walikuwa wameitikia kwa sauti za waliobaki.

Lilisalia jina moja. Nililiita kwa sababu sikujua la kufanya.

"Lennart?"

"Nipo," alisema Mzee Melkiori.

Ingrid aligeuka. "Lennart hajafa. Juzi nilimpelekea keki. Mbona umemzika, Melkiori?"

Mzee alinyoosha tai yake. Kisha akatueleza, taratibu, kama anayesoma kanisani. Yeye na Lennart waliishi pamoja tangu ujana wao, katika nyumba ambayo majirani waliambiwa kuwa Mwafrika ni mpangaji. Sheria ya nchi ingewaruhusu kuandikishana kama wenzi zamani, lakini Melkiori hakuiogopa serikali. Aliwaogopa watu wake. Sasa kumbukumbu za Lennart zilikuwa zimemtoka, naye alikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee nje kidogo ya Fittja. Melkiori alikwenda kumwona kama rafiki wa kujitolea. Na mhudumu wa zamu za mchana alikuwa Mama Esperansi, Mrundi, kiongozi wa kwaya ya kanisa lilelile.

Lennart alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa namna ya kulala. Alilala ukingoni kabisa mwa kitanda, akaacha nusu nzima tupu. Wahudumu walimsogeza katikati asianguke. Wakirudi walimkuta tena ukingoni. Waliweka kizuizi cha chuma. Alijibana kwenye chuma. Alizungumza na ile nusu tupu, akaifunika blanketi, akaipapasa. Wahudumu wengine walianza kukataa kuingia peke yao. Mama Esperansi aliamua kwamba kuna pepo kitandani, na kwa kuwa Mzee Melkiori ni msomaji wa kanisa, alimwomba waungane kulifukuza. Kila Alhamisi, akitoka kwetu, walisimama wawili kando ya kitanda kile wakaomba.

"Mimi ndiye niliye pale," alisema Melkiori. "Naomba nifukuzwe mimi mwenyewe. Na naitikia amina."

Hakuna aliyejaribu kumfariji. Nilikuwa nimewafundisha kuacha kimya kikae, na wakakiacha. Baadaye akaongeza kwamba nyumba ile ilikuwa imeamua kumhamishia Lennart kwenye wodi iliyofungwa, wanakoingia ndugu tu. Rafiki wa kujitolea haingii. Uhamisho ungekuwa Ijumaa. Akaniomba nifuatane naye, kwa sababu mimi ni mpita njia na nitaondoka na lolote nitakaloliona.

Fittja tulishuka kwenye reli nyekundu, tukapanda basi. Ilikuwa alasiri ya Alhamisi na taa za barabarani zilikuwa zimewashwa. Korido ya nyumba ile ilinukia sabuni na viazi. Mama Esperansi, mwanamke mnene mwenye uso wa upole, alitupokea mlangoni akashika mkono wa Melkiori kwa mikono yote miwili, akatusalimu kwa Kiswahili.

"Umeleta na mgeni, Mzee. Vizuri, leo tuwe wengi. Pepo lipo tangu asubuhi."

Aliashiria nusu tupu ya kitanda, upande wa dirisha. Lennart, mkubwa, mwenye nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, alikuwa amejibana kwenye chuma cha upande wa pili. Mkono wake ulikuwa nyuma yake juu ya shuka tupu, ukipapasa, ukitulia, ukipapasa tena. Nawaambieni ukweli: hata mimi niliyejua, nywele zilinisimama. Mkono ule haukuwa ukitafuta. Ulikuwa umempata mtu.

Mama Esperansi alifumba macho akaanza kuomba kwa Kirundi. Sikuelewa maneno, ila nilielewa sauti ikipanda, ikiamuru. Ilifika mahali pa kuitikiwa. Amina haikuja.

Nilimtazama Melkiori. Alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu. Alivipanga chini pamoja, akazunguka kitanda hadi upande wa dirisha, akalala katika ile nusu, na tai yake shingoni. Lennart hakushtuka wala hakugeuka. Alivuta blanketi likamfunika mwenzake hadi mabegani, vilevile alivyokuwa akilifunika shuka tupu, kisha akavuta pumzi ndefu na mkono wake ukatulia. Kwake yeye hakuna aliyekuwa amefika. Mtu alikuwapo siku zote.

Mama Esperansi alikuwa amefumbua macho.

"Tangu lini, Mzee?"

"Tangu mwaka niliofika nchi hii."

"Nami nikakuombea uondoke."

"Nami nikaitikia."

Alibana biblia yake kifuani. Nje ya dirisha hapakuwa na kitu, giza tu na sisi wanne tukiwa tumechorwa juu yake. Hatimaye alisema kwamba kuhusu kanisa hana neno la kumwahidi. Kisha akazunguka hadi upande wa Lennart.

"Hiki chuma nakishusha," alisema. "Hawezi kuanguka akiwa ameshikwa."

Akatoka kwenda kumwambia muuguzi mkuu kwamba mzee wa chumba hiki ana mtu wake, na kwamba wamwandike kama ndugu.

Siku ya mwisho Hagsätra, Mzee Melkiori aliwasha kinasa sauti mwenyewe akataja jina lake lote, na la baba yake. Alisema Jumapili iliyopita kanisani mtu mwingine ndiye aliyepewa kusoma, na yeye alikaa kiti cha nyuma, lakini alikwenda. Nilimwuliza Ingrid kama naye angependa kubadilisha jina.

"Mimi nitabaki Rut," alisema. "Nimezoea kumsikia akiitikia."

Nairobi nilirudi na makoti yenu yote. Nilidhani nimekwenda kufundisha watu kuuliza. Nilichojifunza ni kwamba aliyejificha maisha yake yote hujibu hata pale usipomwuliza, kwa mkono, kwa ukuta, kwa namna anavyolala, na anayesikia anaweza kuogopa akaita hofu yake dua. Hilo nimelibeba hadi kwenye meza yangu ya kuandikia.

Wiki iliyopita Njeri alinipigia simu. Mama Esperansi alikuwa amekuja kwenye chumba cha Hagsätra, akakaa karibu na mlango bila kuvua koti. Mzee Melkiori alimsogezea kahawa. Hakuja kuomba radhi wala kuongoka. Alitaka wazee wamfundishe namna ya kuuliza bila kumtisha mtu, kwa sababu katika wodi yake, alisema, wapo wengine wawili wanaolala ukingoni.