Kumpita Mkwe kwa Baiskeli

Malori ninayo, na duka la vifaa vya ujenzi ninalo, Kilosa hapa na lingine Mikumi. Lakini ukitaka kuniona nikikatiza mjini, kutoka nyumbani kwenda dukani, dukani kwenda msikitini, utaniona juu ya baiskeli, mgongo umenyooka, kengele inalia. Watu wananishangaa. Tajiri mzima! Nawajibu: lori nimelinunua mimi, lakini aliyeninunulia lori ni baiskeli.

Na si uongo. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kwa kubeba nyanya kutoka Zombo mpaka Mikumi, matenga yamefungwa kwenye keria, niwauzie abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya. Wenzangu waliojua kusoma kunishinda walishindwa na njia ile. Mimi haikunishinda. Baiskeli yangu haikuwa na breki, maana raba za breki ilikuwa ni anasa. Breki yangu ilikuwa kandambili. Unanyanyua mguu, unabana unyayo juu ya tairi la mbele, na mzigo wote unatulia kama mbuzi aliyeshikwa sikio.

Kwa hiyo adabu ya baiskeli hakuna wa kunifundisha. Kwetu mdogo hamsalimii mkubwa akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unasema shikamoo, unasubiri marahaba, ndipo unapanda tena. Kwa mkwe ndiyo usiseme kabisa: unashuka ukingali mbali, unaikokota pembeni mwa njia, macho chini.

Sasa binti yangu mkubwa aliposwa. Kijana ni mwalimu wa hesabu, na anaendesha baiskeli kwenda shuleni kila siku. Hilo ndilo lililonipendeza, maana vijana wa siku hizi hata kwenda kununua chumvi wanapanda bodaboda. Mshenga wake alikuja, akapokelewa vizuri, nikamwambia arudi Jumapili kuchukua jibu. Jibu lenyewe nilikuwa nalo tayari, ila tulimsubiri mama mkwe wangu aje kutoka Kisanga, mjukuu asiolewe bila bibi yake kuwapo.

Alhamisi nimekaa mbele ya duka, chini kabisa ya mteremko wa kutoka bomani, pamoja na vijana wa bodaboda wanaoegesha pale. Mara tukaona baiskeli inashuka kama imefukuzwa. Ni mwalimu. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikijua atashuka. Hakushuka. Alipita pale vuuu, shati limejaa upepo, akapiga kelele, "Shikamoo babaaa!" Nilipofungua mdomo kuitikia, alikuwa ameshafika sokoni.

Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza, "Mzee, yule si ndiye mkweo?"

"Bado hajawa," nikamwambia.

"Basi salamu imefika. Mwenyewe ndiye kapitiliza."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilifunga duka mapema. Nyumbani nikatamka mbele ya mke wangu na binti: mshenga akija Jumapili, jibu ni hapana. Mtu asiyeweza kushuka baiskeli kwa ajili yangu leo, kesho atashuka kwa ajili ya nani?  Binti yangu aliweka mwiko juu ya sufuria, akaingia ndani, na ugali ule tukaula mbichi. Huyu binti ndiye niliyekuwa nikimpakia mbele kwenye bomba la baiskeli akiwa mdogo, yeye ndiye aliyekuwa mpiga kengele wangu. Kumwona anaingia ndani vile kuliniuma, lakini neno la mwanamume likishatoka limetoka.

Jioni mwalimu akaja kwa miguu, anaikokota baiskeli. Akachuchumaa kabisa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo umeshuka?"

"Baba, breki zilikataa. Raba zimeisha. Nilikuwa naipeleka kwa fundi."

"Breki! Mguu huna? Mimi nimeteremsha nyanya milimani bila breki, na wazee wote njiani niliwaamkia nikiwa chini. Mwalimu wa hesabu umeshindwa kupiga hesabu ya mteremko?"

Mke wangu akasema, "Baba watoto, mwache kijana wa watu."

"Simwachi. Kesho aje dukani na baiskeli hiihii, asiipeleke kwa fundi. Nitamwonyesha mtu anavyoshuka. Nisipoweza kusimama mbele ya duka langu, nitalifuta neno langu la hapana."

Binti yangu akachungulia mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuinua uso tangu mchana.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo nilikuwa na kanzu na viatu vyangu vya ngozi vya msikitini, vizuri sana, vimetoka Dar es Salaam. Mwalimu alipoileta baiskeli yake, nikaikokota mpaka juu bomani. Nikaikunja kanzu kiunoni, nikapanda, nikajiachia. Wallahi, mwili ulikumbuka. Upepo uleule, tairi linaimba vilevile. Nikasema moyoni, huyu mwalimu atajifunza leo. Nilipokaribia duka nikanyanyua mguu, nikabana tairi.

Kiatu kikateleza.

Nikabana tena, kikateleza tena. Kandambili ni mpira, ndugu yangu, inauma tairi. Ngozi ya bei inateleza kama kambale. Baiskeli ikazidi kukimbia, na mbele yangu, katikati ya njia, nikaona watu wawili wanakuja kutoka stendi. Mmoja ni mke wangu. Wa pili, mwenye kikapu kichwani, ni mama mkwe wangu. Tulimtarajia Jumamosi; kumbe amewahi basi, na mke wangu ameitwa kumpokea.

Ningefanya nini? Nilipiga kengele, wakaruka huku na huku, nikapita katikati yao kanzu ikiwa kiunoni, na mdomo wangu wenyewe ukatoa sauti:

"Shikamoo mamaaa!"

Nikakata kona, nikaingia kwenye lundo la mchanga ninaouza. Mchanga wa mto Mkondoa, uliochekechwa, hauna jiwe hata moja. Hata kuanguka, mimi huangukia mali yangu.

Nilipofuta macho, mama mkwe alikuwa amesimama juu yangu. Mke wangu ameugeukia ukuta, mabega yanatikisika. Wale wa bodaboda wameziba midomo kwa viganja. Binti yangu katoka dukani mbio, na mwalimu ananiinua kwa adabu, hacheki.

"Marahaba, baba," mama mkwe akasema. "Naitikia sasa, maana ulipopita sikuwahi."

"Mama, nisamehe. Breki zilikataa."

Nikasikia maneno yangu, nikamwangalia mwalimu. Mwalimu akaangalia chini.

Mama mkwe aliweka kikapu chini. "Njiani nimeambiwa kuna mtu amenyimwa mke kwa sababu alimpita mkwe wake juu ya baiskeli. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Haya." Akamgeukia mke wangu. "Mwanangu, kafungashe vyombo vyako. Tunarudi wote Kisanga."

Hapo vijana wa bodaboda walishindwa kuvumilia. Hata binti yangu alicheka, na kicheko kile sijakisikia kitamu vile tangu enzi za kengele. Nikapangusa mchanga kwenye kanzu, nikamwambia mwalimu, "Jumapili mshenga wako asichelewe."

Sasa wameoana, wanaishi upande wa juu, na asubuhi wanateremka pamoja, binti yangu amekaa upande kwenye keria. Raba za breki nilimnunulia mwenyewe, za kuaminika. Wanashuka wote wawili mbele ya duka, wananiamkia, naitikia, ndipo wanaendelea. Mimi nami bado naendesha, na hakuna wa rika langu Kilosa hii anayenifikia. Ila sasa naendesha kwa kandambili. Viatu vya msikitini navifunga kwenye keria.