Waya wa Fundi Kidole

Mafundi wenzake walimbandika jina la Kidole, na alilistahili. Wengine walipobadilisha kingpini, zile pini nene zinazoshika magurudumu ya mbele yapate kugeuka, walimulika tochi wahakikishe tundu la bushi, kile kipande cha shaba kinachoizunguka pini, limekutana na njia ya grisi. Yeye hakuhitaji tochi. Alipitisha waya mwembamba kutoka nje, akatia kidole ndani ya bushi, akafumba macho na kuungoja. Waya ulipomgusa alisema, "Umenichoma," na neno hilo lilitosha. Miaka thelathini na mmoja, hakuna lori lililorudi.

Jumamosi ile alifanya hivyo kwenye lori kuukuu la shemeji yake, kaka wa mkewe, mbeba matofali mwenye maneno mengi. Pini zilikuwa zimelika hata usukani ukalegea kama jino bovu. Shemeji alimsimamia tangu asubuhi, akimwuliza kama anatengeneza lori au anaposa tena. Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Grisi ilichomoza juu ya pini, safi. Upande wa kushoto ilikataa, ikarudi ilikoingilia. Kidole akailaumu chuchu, kile kidomo cha chuma kinachoingiza grisi, akafunga mpya, akapiga bomba mpaka grisi ikavuja kidogo pembeni. Akajiambia inatosha. Waya si ulimchoma?

Nyumbani alimkuta mkewe kizingitini, anashona mfuko wa ovaroli yake uliofumuka. Akaketi kumshikia kitambaa, kama kawaida yake. Mkewe alikuwa akimweleza kwamba kaka yake hana subira, anataka kupitisha mzigo leo leo kwenye mteremko wa machimbo, mara akaacha kushona.

"Mume wangu, unatoka damu."

Sindano ilikuwa imezama kwenye ncha ya kidole chake cha shahada. Alikitazama kama mali ya mtu mwingine. Mkewe akaichomoa taratibu, akauliza tangu lini. Hakuuliza kwa ukali, na ndiyo maana fundi alishindwa kumkwepa. Miezi minne, akajibu. Ilianza kama ganzi ya asubuhi tu. Alidhani itaondoka yenyewe, kisha akaogopa kuitaja, maana watu wangemwitia nini tena?

Hapo akaukumbuka ule waya. Haukuwa umemchoma hata kidogo. Alikuwa ameungoja kwa mazoea, na kwa mazoea akaujibu.

"Kaka yako ameshaondoka?" aliuliza, tayari amesimama.

Alipitia duka la vipuri akachukua bushi, akakaza mwendo. Njiani alitunga uongo mzuri: kwamba bushi zile zilikuja mbovu kutoka dukani. Ulikuwa mtamu, na ulikuwa mdomoni kabisa alipofika uwanja wa matofali. Lori lilikuwa limeshapakiwa, linanguruma. Madereva wawili walikuwa wameegemea ukuta.

"Shemeji," kaka wa mkewe alimwita kutoka dirishani, "umekuja kuniaga, au dada yangu amekufukuza?"

Madereva wakacheka. Kidole akashika mlango kwa mikono miwili.

"Zima gari. Vidole vyangu vimekufa ganzi. Nilisema waya umenichoma, na sikuhisi kitu. Pini ya kushoto haipati grisi. Kavu namna hiyo, na mzigo huu, usukani unaweza kukugomea mteremkoni."

Shemeji hakumtazama usoni. Aliitazama ile mikono, kisha akazima injini.

Wakateremsha matofali yote, wakapiga jeki, wakaichomoa pini. Tundu la bushi lilikuwa limetazama ukuta wa chuma. Kidole akaitoa, akagonga bushi mpya, akachomeka waya kutoka nje.

"Sasa tia kidole wewe," akasema.

Shemeji akatia. Hakuwa na mzaha wowote. Alifumba macho ingawa hakuna aliyemwambia, na fundi akausukuma waya polepole, akimtazama yeye.

"Umenichoma."

Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja, ambaye lori lake lilitoka mikononi mwa Kidole mwezi uliopita, alijitoa ukutani, akavuka uwanja na kuchuchumaa kando ya gurudumu lake la mbele. Kidole akaufuta waya kwenye suruali, akaokota jeki, akamfuata.